Kama maji ni haidrojeni na oksijeni, mbona hayawaki? Elementi, kampaundi na mchanganyiko

baba_mwanakemia

Habari za jioni wakuu.

Nina binti ameanza kemia. Mimi somo hilo niliachana nalo siku nyingi nikidhani tumemalizana, sasa limerudi kwa mlango wa uani. Kila akifungua daftari lazima anitafute, na nimechoka kumwambia akamuulize mwalimu.

Mada yao ni elementi, kampaundi na mchanganyiko. Maana zote amezikariri: elementi ni dutu isiyogawanyika kuwa dutu nyingine rahisi zaidi, kampaundi ni elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemia, mchanganyiko ni vitu vilivyokaa pamoja bila kuungana na kwa hiyo vinatenganishika. Ukimuuliza anazimwaga bila kupepesa. Ila haridhiki.

Haidrojeni inalipuka, anasema, na oksijeni ndiyo inayokoleza moto. Sasa iweje ukizikutanisha upate kitu cha kuzimia moto? Halafu oksijeni yenyewe inaandikwa O₂, yaani atomi mbili zimeshikana. Mbona haiitwi kampaundi? Kitabu kinasema mchanganyiko ndio unaotenganishika, lakini kurasa chache mbele kuna picha ya maji yakitenganishwa kwa umeme. Kwa hiyo maji ni mchanganyiko? Na hewa je? Haina punje, haina tabaka, juu ya chumba na chini ya chumba ni ileile. Kwa nini isiwe dutu moja?

Hilo la hewa nilijitia kulijibu. Nikasema "kwa sababu ndani yake mna gesi nyingi". Akaniuliza nani alizihesabu. Hapo nikakumbuka kuna simu natakiwa kupiga.

Naombeni msaada, tena majibu ya kumpa mtoto asiyepokea jibu la nusu.

Kinyonga88

Mkuu hii mbona rahisi. Kuchuja, kukausha, sumaku, kukeneka (kuchemsha na kuukusanya mvuke ukipoa), hizo ni njia za kifizikia, zinatenganisha mchanganyiko. Kampaundi inataka njia za kikemia, kwa mfano kuipitishia umeme. Kwa hiyo ile picha haigombani na maelezo. Mwambie akariri hapohapo, kwenye mitihani hawaliachi.

baba_mwanakemia

Shukrani mkuu. Nimemsomea ulivyoandika. Kajibu: "Na nitajuaje kama njia ni ya kifizikia au ya kikemia kabla sijajua nilichoanza nacho ni kampaundi au mchanganyiko?"

Nimebaki nakodoa macho.

FundiMaabara

Baba, huyo binti ameshika penyewe. Maelezo ya vitabu vingi yanazunguka mbuyu: mchanganyiko ni kile kinachotenganishwa kwa njia za kifizikia, na njia za kifizikia ni zile zinazotenganisha mchanganyiko. Mimi si mwalimu, ni fundi wa maabara. Ninaandaa kemikali darasa likiwa bado halijaingia na kuosha vyombo likishatoka, basi nitaeleza kwa vitu ninavyovishika.

Suala la kutenganishika liweke kando kwanza. Jiulize hivi: naweza kuongeza kidogo? Kama unaweza kuzidisha hiki au kupunguza kile na bado mkononi una kitu cha aina ileile, huo ni mchanganyiko. Kampaundi haijui "kuongeza kidogo". Ina kipimo chake, na kinachozidi inakiacha nje.

Chukua jaribio la chuma na salfa, ambalo nimeliandaa mpaka naliota. Unga wa chuma ni wa kijivu, wa salfa ni wa njano. Ukivisaga pamoja kwenye kinu kidogo cha kauri unapata unga wa kijivu unaoelekea ukijani. Kwa macho unadhani ni kitu kimoja, lakini weka lenzi: punje za njano zipo, za kijivu zipo, kila moja na mambo yake. Funga sumaku kwa karatasi (karatasi ni lazima, la sivyo utashinda unaikwangua) uipitishe juu ya unga. Chuma kinapanda, salfa inabaki chini. Ukiweka gramu 7 za chuma kwa 4 za salfa, au 5 kwa 5, au 1 kwa 100, yote ni mchanganyiko wa chuma na salfa na hakuna atakayekubishia.

Sasa utie unga huo kwenye kibomba cha kioo, upashe moto upande wa chini. Salfa inaanza kuyeyuka na kuwa nyeusi, halafu linatokea doa jekundu kama kaa. Hapo ndipo ninapowaambia waondoe moto wa gesi. Wanaondoa, wanasubiri doa lizimike, halizimiki. Linakua. Wekundu unatambaa ndani ya kibomba kutoka chini kwenda juu wenyewe, hakuna anayeuchochea, mpaka unga wote umepitiwa. Joto lile linatoka kwenye atomi za chuma na za salfa zinaposhikana. Darasa lenye kelele huwa linanyamaza hapo.

Kikipoa, kibomba chenyewe kwa kawaida kimeshapasuka. Unakimalizia, unatoa kipande kigumu cha kijivu kinachoelekea weusi. Njano haipo tena, hata kwa lenzi. Sumaku haikitaki kama ilivyokitaka chuma. Dondoshea asidi ya haidrokloriki: chuma kingetoa haidrojeni, salfa isingefanya lolote, lakini kipande hiki kinatoa gesi inayonuka mayai viza. (Gesi hiyo ni sumu, kwa hiyo tone tu, ndani ya kabati la kuvutia hewa, na asijaribu nyumbani.) Harufu hiyo hukuwa nayo kwenye chuma wala kwenye salfa. Ni tabia ya kitu kipya, salfidi ya chuma.

Na kipimo je? Atomi ya chuma ina uzito wa 56, ya salfa 32, nazo zinashikana moja kwa moja. 56 kwa 32 ni sawa na 7 kwa 4. Gramu 7 za chuma zinamaliza gramu 4 za salfa, unapata gramu 11. Ukianza na gramu 10 za chuma kwa 4 za salfa, hupati salfidi "yenye chuma kingi". Unapata gramu 11 zilezile, na gramu 3 za chuma zimebaki pembeni zinasubiri sumaku. Salfidi ya chuma inayouzwa kwa ajili ya maabara mara nyingi huwa na chuma cha ziada namna hiyo, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi mwenye sumaku mfukoni anayekuja mbio kuniambia kitabu kimedanganya. Hakijadanganya. Alichoshika mkononi ni mchanganyiko wa kampaundi na elementi.

Kwa hiyo swali la binti lina jibu, na halihitaji kujua jina la njia. Atazame kilichotoka. Sumaku ilivuta chuma ambacho kilikuwa chuma tangu mwanzo, na tabia zake zote, kwa hiyo alitenganisha mchanganyiko. Umeme kwenye maji unatoa gesi inayolipuka na gesi inayokoleza moto, wakati kwenye bilauri ya maji hamkuwa na chenye tabia hizo. Hapo kuna kitu kimevunjwa.

Tuje kwenye maji yenyewe. Jaza chupa haidrojeni na oksijeni, ujazo mbili kwa mmoja. Huo ni mchanganyiko wa gesi. Ukiuacha kwenye joto la kawaida bila cheche utakaa hivyohivyo miaka. Upe cheche, unalipuka, na ndani ya kioo unakuta umande. Atomi ni zilezile na idadi yake ni ileile. Kilichobadilika ni nani kamshika nani. Mwanzoni haidrojeni ilishikana na haidrojeni mwenzake, oksijeni na oksijeni mwenzake. Sasa kila oksijeni imeshika haidrojeni mbili.

Ndiyo maana maji hayawaki. Haidrojeni ikiwaka inaungana na oksijeni, na ile iliyomo kwenye maji imeshafanya hivyo. Maji ni majivu ya haidrojeni, na majivu hayawashwi. Nishati ilitoka yote wakati wa mlipuko. Ukiitaka haidrojeni yako sharti uirudishe nishati hiyo, na hiyo ndiyo kazi ya umeme kwenye ile picha ya kitabu. Waliolifanya wa kwanza kwa umeme wa betri ni Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, mwaka 1800, betri ya Volta ikiwa bado habari mpya mjini London. Kwa ujazo, haidrojeni inatoka mara mbili ya oksijeni. Kwa uzito mambo yanapinduka: kila gramu 18 za maji, oksijeni ni karibu 16 na haidrojeni ni 2 tu.

Uwiano huo wa 1 kwa 8 hauyumbi. Yawe ya mvua, ya kisima au ya barafu, ukishayasafisha hesabu ni hiyo. Elementi hizohizo mbili zina kampaundi nyingine, peroksidi ya haidrojeni, ambayo uwiano wake ni 1 kwa 16. Baina ya hizo mbili hakuna kampaundi ya 1 kwa 11 au 1 kwa 13. Ukikuta chupa yenye uwiano kama huo, mtu amechanganya maji na peroksidi, kama inavyofanywa kwenye dawa ya kusafishia vidonda.

Kuhusu O₂: kampaundi haihesabu atomi, inahesabu aina za atomi. Oksijeni na oksijeni ni aina moja, basi ni elementi, hata zikishikana. Naitrojeni hutembea mbilimbili, fosforasi nyeupe nne pamoja, salfa ya kawaida nane kwenye duara. Ozoni ni oksijeni tatu, inanusika kwa ukali na kuivuta ni hatari, lakini bado ni elementi ya oksijeni. Wengi wanadhani molekuli na kampaundi ni kitu kimoja, sivyo. Chumvi ya sodiamu na klorini ni kampaundi halali na haina molekuli kabisa: ni safu za sodiamu na klorini zinazopishana juu, chini, kushoto na kulia mpaka punje inapoishia. Huwezi kunyoosha kidole useme jozi hii ndiyo molekuli.

Hewa nimeiacha mwisho kwa sababu hilo swali la "nani alizihesabu" limenifurahisha. Jibu fupi: walizihesabu wengi, na kwa zaidi ya miaka 100 moja iliwaponyoka.

Mwaka 1785 Henry Cavendish alichukua hewa, akaiongezea oksijeni, akaipigia cheche za umeme mpaka naitrojeni ikaungana na oksijeni, akafyonza gesi iliyopatikana na kisha oksijeni iliyozidi. Alibaki na kiputo kidogo kisichozidi sehemu 1 ya 120 ya naitrojeni aliyoanza nayo. Kiputo hicho kilikataa kuungana na chochote. Akakiandika, dunia ikaendelea na mambo yake. Miaka ya 1890 Lord Rayleigh alikuwa anapima uzito wa gesi kwa umakini wa kuudhi. Naitrojeni aliyoitoa hewani, kwa kuondoa oksijeni na vingine vilivyojulikana, ilikuwa na gramu 1.2572 kwa lita. Aliyoitengeneza kutoka kwenye kampaundi kama amonia ilikuwa na gramu 1.2505. Angalia zinapoachana: tarakimu ya pili baada ya nukta bado ziko sawa. Mtu mwingine angelaumu mizani. Yeye akarudia na kurudia, akaandika hadharani kuomba mwenye maelezo ajitokeze. William Ramsay akaichukua ile "naitrojeni" ya hewani, akaipitisha juu ya magnesi ya moto inayokula naitrojeni, akaipitisha tena na tena, akabaki na gesi isiyoliwa. Mwaka 1894 wakaitangaza: argoni. Karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta.

Kwa hiyo mwambie binti kwamba kuonekana kitu kimoja hakuthibitishi chochote. Hewa ni ileile juu na chini kwa sababu molekuli zake zinahangaika bila kutulia na zimechanganyika hasa. Lakini jaribu "kuongeza kidogo": hewa kavu ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, argoni 0.93 na kaboni dayoksaidi karibu 0.04. Ukitia unyevu inakuwa hewa yenye unyevu. Ukijaza watu kwenye chumba na kufunga madirisha, kaboni dayoksaidi inapanda na oksijeni inashuka, na bado ni hewa. Na ukiipoza mpaka iwe kimiminika halafu uiache ichemke, haichemki kwenye nyuzi moja. Naitrojeni ina haraka zaidi, inachemka kwenye −196 za Selsiasi, argoni −186, oksijeni −183. Kwa hiyo kimiminika kinapopungua, kilichobaki kinazidi kuwa na oksijeni nyingi na nyuzi zinapanda. Dutu safi haifanyi hivyo. Maji safi yakishafika kwenye kiwango chake cha kuchemka, kipimajoto kinaganda pale mpaka tone la mwisho.

Mhandisi_Mkimya

Fundi, nimesoma mpaka mwisho na kwa kawaida sifanyi hivyo. Ila hapo pa kipimajoto nakubana kidogo. Spiriti yenye ethanoli asilimia 95.6 kwa uzito, iliyobaki maji, inachemka kwenye nyuzi 78.2 bila kupanda wala kushuka, na mvuke wake una uwiano uleule wa kimiminika. Keneka utakavyo, haibadiliki. Kwa kipimo chako hiyo ni kampaundi.

Halafu kuna oksidi ya chuma, ile ya FeO. Ukiipima chuma kinapungua, mara 0.95 kwa oksijeni 1, mara pungufu ya hapo, kutegemea na ilivyotengenezwa. Hiyo nayo inaongezwa na kupunguzwa. Unaiweka wapi?

FundiMaabara

Mhandisi, nilijua utatokea mmoja wa kuileta spiriti.

Badili mgandamizo. Chukua spiriti hiyohiyo ya 95.6, uikeneke ndani ya chombo kilichotolewa sehemu kubwa ya hewa. Uwiano unaokwama unasogea. Ukishusha mgandamizo mpaka chini ya sehemu 1 ya 10 ya ule wa kawaida, mkwamo wenyewe unapotea na unaweza kuendelea mpaka kwenye ethanoli tupu. Uwiano wa kampaundi hausogezwi na pampu. Maji ni 1 kwa 8 juu ya mlima na chini ya bahari. Spiriti ya 95.6 ni mahali ambapo maji na ethanoli, kwa mgandamizo huo, vinapanda mvukeni kwa uwiano ule vilivyomo kwenye kimiminika. Ni sadfa ya mvuke, na molekuli mpya haijazaliwa.

Lakini sikudharau, maana kwenye jozi hiyo waliteleza watu wakubwa. Mimina mililita 50 za ethanoli kwenye mililita 50 za maji. Hupati 100, unapata kama 96, na chombo kinapata joto kidogo mkononi. Ujazo umepungua, joto limetoka, ungeapa kuna kitu kimeungana. Mendeleev aliandika tasnifu nzima juu ya ethanoli na maji mwaka 1865, kabla ya jedwali lake la elementi, na aliamini kuna kuungana kwa kweli mle ndani. Leo tunajua molekuli za maji na za ethanoli zinavutana na kupangana kwa kubanana zaidi, ila kila moja inabaki ilivyo. Kwa hiyo joto kutoka ni dalili, halitoshi kuwa hukumu.

Oksidi ya chuma hapo umenipata vizuri, na sitajitetea kwa maneno mengi. Kuna yabisi ambazo safu zake za atomi zinavumilia nafasi tupu. Baadhi ya atomi za chuma hazipo mahali pake, na jirani zao wanabeba chaji kubwa zaidi kufidia. Tunaziita kampaundi kwa sababu safu ni moja na atomi zimeshikana, hata kama hesabu yake ina desimali. Mzozo huu ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Proust alisimamia kwamba kampaundi ina kipimo kimoja, Berthollet akasema kipimo kinaweza kuteleza, wakaandikiana kwa adabu miaka kadhaa. Proust alishinda, na kwa maji, chumvi na dutu nyingi sana alistahili kushinda. Kampaundi za namna ya FeO hadi leo zinaitwa kwa jina la Berthollet. Kwa mtoto anayeanza, Proust anatosha. Berthollet amwekee baadaye.

Mhandisi_Mkimya

Hilo la pampu sikulitegemea. Nimekubali.

baba_mwanakemia

Wakuu, nimeshindwa hata pa kuanza kushukuru. Habari ya majivu ya haidrojeni imempendeza mno, ameiandika ndani ya jalada la daftari. Na amefurahi kwamba hata Rayleigh alishangaa kama yeye.

Sasa kahamia kwenye metali. Koki za manjano ni shaba na zinki, hilo analijua. Anasema: hakuna sumaku itakayotoa zinki humo, hakuna chujio, hakuna punje hata ukitumia lenzi. Hiyo si imeungana?

mfua_vyuma

Hili niachieni, ndiyo kazi yangu.

Aloi (metali zilizoyeyushwa pamoja) ya manjano ina mapishi mengi. Ukitaka laini ya kukunjwa na kuvutwa unatia zinki kidogo, ukitaka ngumu ya kuchongwa kwenye mashine unaongeza, mpaka inakaribia asilimia 40. Rangi nayo inafuata: zinki kidogo inaelekea wekundu wa shaba, zinki nyingi inaelekea njano iliyopauka. Inateleza polepole kutoka huku kwenda kule bila kuruka. Hiyo ni ile "kuongeza kidogo" ya Fundi, kweupe. Dhahabu ni vivyo hivyo: karati 24 ni tupu, karati 18 ni sehemu 18 kati ya 24, yaani asilimia 75, iliyobaki ni fedha au shaba kwa kadiri ya sonara.

Na zinki inatoka, nani kasema haitoki? Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085, zinki inachemka kwenye 907. Ukiyeyusha koki za zamani bila uangalifu unaona moshi mweupe unapanda juu ya chungu. Ile ni zinki inaondoka na kuungana na oksijeni ya hewani. Ukiivuta, usiku utatetemeka kwa homa, wafua wote wanaijua. Kilichobaki kwenye chungu kinazidi kuwa chekundu.

Chuma cha pua ndicho kinachochanganya kweli. Ni chuma na kaboni, kaboni kwa kawaida haifiki asilimia 2. Sehemu ya kaboni imejipenyeza tu kati ya atomi za chuma, na sehemu nyingine imeungana na chuma kwa kipimo, atomi 3 za chuma kwa 1 ya kaboni, ikajipanga kwa tabaka nyembamba ngumu kama kioo. Ukiling'arisha pande, ukalipaka asidi nyepesi, ukaliweka chini ya hadubini, tabaka hizo unaziona kama michirizi ya pundamilia. Kampaundi iko ndani ya mchanganyiko, na ukipasha na kupoza haraka au taratibu unabadilisha ukubwa wa michirizi hiyo. Upanga na msumari vinaachana hapo.

baba_mwanakemia

Mkuu, hiyo ya hadubini sasa anataka aione. Mmeniletea gharama.

Ana la mwisho kwa leo, halafu nalala. Kwenye jedwali klorini imeandikwa 35.45. Akasoma pembeni kwamba kuna atomi za klorini za uzito 35 na nyingine za 37. Anauliza: kama ni aina mbili, klorini si mchanganyiko? Na kama ni mchanganyiko, kwa nini iko kwenye jedwali la elementi?

FundiMaabara

Anaelekea pazuri. Ni kweli, kati ya atomi 4 za klorini takriban 3 ni za 35 na 1 ni ya 37, na wastani wake ndio unaozaa 35.45. Kwa mtu anayepima uzito wa atomi mojamoja, klorini ya kwenye chupa ni mchanganyiko wa isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti), na zipo mashine za kuzitenga.

Ila elementi haitambuliwi kwa uzito. Zamani ilitambuliwa kwa kushindikana kuvunjwa, kama kitabu chake kinavyosema hadi leo, na tatizo la maana hiyo ni kwamba inategemea zana za mvunjaji. Lavoisier alitoa orodha ya elementi 33 mwaka 1789 na ndani yake mlikuwa na chokaa, kwa sababu hakukuwa na aliyeweza kuivunja. Mlikuwa na mwanga na joto pia! Mwaka 1808 Humphry Davy akaivunja chokaa kwa umeme, akaitoa kalsiamu ndani yake, na chokaa ikahamia kwenye kampaundi. Haikuwa imebadilika hata chembe, betri ndizo zilizokuwa zimeongezeka nguvu.

Leo tunahesabu protoni kwenye kiini cha atomi. Zikiwa 17 ni klorini, zikiwa 16 ni salfa, zikiwa 18 ni argoni, ile ya Rayleigh. Klorini ya 35 na ya 37 zote zina protoni 17, zinatofautiana kwa nyutroni 2, na zikikutana na sodiamu zote zinatoa chumvi ileile. Hivyo ziko kwenye chumba kimoja cha jedwali. Kesho mwambie atafute argoni na potasiamu kwenye jedwali hilo, atazame uzito wa kila moja na namba ya kila moja, aone ipi imetangulia. Akija na swali, niko hapa baada ya vipindi.